Maji Yaliyokimbilia Dirishani

Bi Vitunguu hakuwa na shamba, hakuwa na bustani, wala hakuwa na kibaraza. Alikuwa na vyumba viwili kwenye ghorofa ya tatu, na humo ndani alilima maua. Aliyalima juu ya kabati, juu ya meza, na kwenye rafu alizozipigilia ukutani kwa mkono wake. Yale yaliyokuwa bado yanaota mizizi aliyaweka gizani chini ya kitanda, mpaka mumewe akawa anasema kwamba analala juu ya watu waliojificha.

Jina alipewa na majirani. Maua yake hayakutokana na mbegu, yalitokana na matunguu, vile viazi vya maua vinavyofanana kabisa na vitunguu maji, vyenye ganda kavu la kahawia na kichwa kilichochongoka. Siku ya kwanza alipopandisha mfuko wa wavu ngazini, jirani mmoja alimwomba viwili vya kukaangia. "Ukila hivi," alimjibu, "utatapika mpaka jina lako." Jioni jengo zima lilikuwa limepata cha kucheka, na yeye akawa Bi Vitunguu.

Kabla ya hapo alikuwa mfagizi katika ofisi moja kubwa. Kwenye meza ya mapokezi paliwekwa vyungu vya amarilisi, maua mekundu makubwa yanayosimama juu ya bua nene lenye uwazi ndani, na kila yalipokauka aliambiwa akayatupe. Alitupa udongo, tunguu akalitia mkobani. Alilipumzisha gizani bila maji, akalitoa na kulinywesha, na siku lilipochanua mara ya pili alikaa mbele yake akilitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa. Alipoacha kazi ya ufagio tayari alikuwa na wateja: hoteli moja, daktari wa meno, na wodi ya wazazi ambako akina baba walimnunulia maua wakiwa bado hawajui waseme nini.

Lakini yaliyompa sifa yalikuwa nargisi. Haya ni madogo, meupe, yenye harufu ya kuujaza ukumbi, na hayahitaji udongo. Alichukua trei ndefu ya bati, akamwaga changarawe, akayapanga matunguu bega kwa bega kama abiria, kisha akatia maji. Ufundi wote ulikuwa kwenye maji. Yakiwa machache, mizizi inakauka. Yakigusa kitako cha tunguu, tunguu linaoza, linakuwa laini kama ndizi iliyosahauliwa, na linanuka. Yanatakiwa yakae chini yake kidogo tu, mizizi iyafuate yenyewe. Bi Vitunguu alikuwa akiinama na kulisogeza jicho lake usawa wa trei, akimimina kwa kikombe, akinyamaza kimya.

"Ukimuona hivyo," mumewe aliwaambia wageni, "usimsalimie. Yuko kwenye swala ya changarawe."

Mumewe alikuwa dereva wa malori, na watu wote walimwita Dereva hata baada ya kiharusi kumchukua upande wa kushoto. Alikuwa mtu mzito, mwenye mabega ya kubeba gunia na mdomo usiopumzika. Siku alipougua, wanaume wanne walimshusha ngazi kwenye blanketi. Kwenye kona ya ghorofa ya pili mmoja akateleza, blanketi likaponyoka, na Dereva akabaki amelala pale ngazini, amelowa, huku milango ikifunguka mmoja mmoja na watoto wakichungulia. Alirudi kutoka hospitali amebebwa vilevile, amefumba macho njia nzima. Alipowekwa kwenye kiti chake karibu na dirisha alisema, "Nitashuka hapa mara moja tu. Na siku hiyo sitajua kama nimeshuka."

Hakushuka tena. Nguo aliletewa, kinyozi wa duka la chini alipanda kumnyoa, na dunia yake ikawa dirisha lile na trei za mkewe.

Dirisha lilitazama kiwanja cha pembeni. Mwenye nyumba alikuwa amekinunua, na akaanza kuchimba shimo la ghala la chini ya ardhi, huku juu ya vichwa vyao akiongeza ghorofa ya nne. Alfajiri matofali yalipandishwa, mchana udongo ulitolewa. Dereva alifurahi, kwa kuwa sasa alikuwa na cha kutazama. Aliwahesabia wachimbaji ndoo zao kwa sauti, akawatukana wavivu, akampa jina kila mmoja. "Yule pale," alisema, "anachimba kama anayetafuta sindano."

Ni wakati huohuo nargisi zilipoanza kuharibika.

Trei ya rafu ya kwanza ilioza upande mmoja. Matunguu ya mwisho, yale ya upande wa dirisha, yalikuwa yamekaa ndani ya maji, na ya mwanzo yalikuwa juu, mizizi yake inaning'inia pakavu. Bi Vitunguu alijilaumu. Alidhani ni rafu, kwa vile aliipigilia mwenyewe bila kipimo. Akakunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya trei upande wa dirisha, maji yakakaa sawa, akasahau.

Baadaye akaongeza kingine. Na trei ya kabatini nayo ikataka boksi, akasema kabati limezeeka. Mabua pia yalianza kuinamia dirishani, ila hilo halikumshangaza, kwani maua hufuata mwanga, na yeye kila asubuhi alizungusha vyungu vyake ili yasimame. Kila kitu kilikuwa na sababu yake ndogo. Kila sababu aliipatia kipande cha boksi. Alikuwa mtu safi, asiyeweza kuacha kitu kimekaa upande, na kwa usafi huo aliinyoosha nyumba yote kidogo kidogo bila kujua anachonyoosha.

"Mke wangu," Dereva alimwambia siku moja, "hizo trei unazipandisha namna hiyo, zinakwenda mlimani kufanya nini?"

"Nyamaza, utayatisha."

"Mimi nimeendesha lori miaka yote hiyo. Najua gari likiinama."

Walicheka wote wawili.

Msimu wa mauzo ulipokaribia, hoteli iliagiza kuliko kawaida, na rafu zikajaa. Bi Vitunguu akaweka trei mpya sakafuni, katikati ya chumba, mbali na ukuta na kabati. Akamwaga changarawe, akapanga matunguu, akapiga magoti na kuanza kumimina. Maji hayakukaa. Yalipita taratibu kati ya changarawe, yakakimbilia mwisho wa trei, upande wa dirisha, yakajikusanya pale. Akaigeuza trei, kichwa kikawa mguuni. Maji yakarudi upande uleule.

Alibaki amepiga magoti. Hapa hapakuwa na rafu ya kusingizia. Aliinuka akaenda chumbani, akaweka sahani ya maji sakafuni. Dirishani. Akaenda jikoni. Dirishani. Akatoka nje kwenye korido, mahali ambapo hapana dirisha, akainama na sahani yake, na maji yakaelemea kwenye ule ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na shimo.

Aliporudi ndani alizitazama rafu zake, na vipande vya boksi chini ya kila trei, vingine vinene kama kitabu. Dereva alikuwa dirishani, amewapungia mkono wachimbaji.

"Umepatwa na nini?" akauliza. "Umekuwa rangi ya jivu."

"Nyumba imelala," alisema. "Inalalia shimo."

Dereva alimtazama, kisha akatazama chini, kisha akacheka kicheko kifupi. "Basi ilale. Hata mimi nimelala."

Bi Vitunguu alimfuata mwenye nyumba palepale chini, kwenye vumbi. Huyu alikuwa mtu wa tabasamu, aliyependa kumshika mtu bega anapomkatalia jambo.

"Mama, nyumba hii aliijenga baba yangu."

"Baba yako alijenga ghorofa tatu. Hiyo ya nne ni yako. Na hili shimo ni lako."

"Wewe unamwaga maji humo ndani asubuhi na jioni. Sakafu ikilowa, lawama zije kwangu?" Akamshika bega. "Mama, nikianza kutafuta makosa kwenye jengo hili, nitaanza na hivyo vitunguu vyako. Tuheshimiane."

Bi Vitunguu alikwenda manispaa. Aliambiwa atatumwa mtu, na kweli mtu alikuja, akalitazama jengo akiwa barabarani, akaingia ofisini kwa mwenye nyumba, akatoka akifuta mdomo. Siku iliyofuata fundi rangi alipita ngazini akiziba nyufa kwa plasta na kuzipaka. Zilikaa vizuri hadi rangi ilipokauka. Kisha ufa wa ghorofa ya pili ulifunguka tena katikati ya rangi mpya, mwembamba na mweusi, na kila Bi Vitunguu alipopanda na ndoo alipitisha kidole juu yake. Mwanzoni kidole hakikuingia.

Baadhi ya wapangaji walimsikiliza. Mmoja akahama kimyakimya. Wengine walimcheka, na waliokuwa na hofu walicheka zaidi. Yeye mwenyewe angeweza kuondoka siku ileile. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa na chumba cha chini kinachopangishwa, na akamwekea. Lakini chumba kilikuwa cha watu wawili, na mmoja wao hakutaka kushuka.

"Watakubeba kwenye kiti," alimwambia. "Si kwenye blanketi. Kiti chako mwenyewe."

"Sibebwi."

"Kinyozi atashika mbele. Hatakuangusha."

"Kinyozi ananinyoa vizuri. Abaki hapo hapo kwenye ndevu."

"Baba, nyumba itaanguka na wewe ndani."

"Nawe utakuwa wapi?"

Wote wawili walijua. Angekuwa pale pale, karibu yake, na kikombe mkononi. Dereva akageuza uso. "Usinitishe kwa kifo chako," alisema taratibu. "Huo si mchezo mzuri."

Mchana, wafanyakazi walipokwenda kula na mashine kunyamaza, walianza kuisikia nyumba. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekunja kidole kikalia kwenye chumba cha pili, halafu kimya, halafu tena. Vumbi jembamba lilishuka kwenye kona ya dari na kutua juu ya maua meupe. Bi Vitunguu alilipuliza. Dereva alijitia hamnazo, akapandisha sauti ya redio.

Hapo ndipo Bi Vitunguu alipokata shauri. Asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, alikwenda kwenye rafu ya kwanza na kuchomoa maboksi. Akaenda ya pili. Akapiga magoti, akachomoa ya chini ya kabati. Alifanya hivyo kwenye kila trei ndani ya nyumba, na kila aliposhusha moja maji yaliteleza, yakagonga bati upande wa dirisha, na matunguu ya mwisho yakazama hadi mabegani. Maua yalikuwa na siku chache tu yachanue. Machipukizi yalishavimba, mengine yalishaonyesha weupe kwenye ncha.

"Unafanya nini?" Dereva aliuliza.

"Nayaacha yakae jinsi nyumba ilivyokaa."

"Yataoza! Mali ya watu hiyo. Hoteli utaipelekea nini?"

"Sijui."

"Rudisha, mwanamke."

"Sirudishi."

Dereva alidhani anatania. Jioni alimwambia tena arudishe, kwa sauti ya kubembeleza, na asubuhi kwa hasira. Bi Vitunguu aliendelea kupika, kufua, kumgeuza, kumsugua mguu uliolala. Trei hakuzigusa. Nargisi za upande wa juu zilinyauka vichwa vikiwa bado vimefungwa. Za upande wa chini zilianza kuwa za njano, kisha zikalegea, kisha harufu ikaanza. Si harufu ya maua. Ilikuwa nzito na tamu, kama nyama iliyofichwa mahali, na ilikaa kwenye pazia, kwenye mto, kwenye chai. Dereva aliomba dirisha lifunguliwe. Lilikuwa limekwama, halikusogea.

Alilijaribu mwenyewe kwa mkono wake mzima, akisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Fremu ilikuwa imebana pembe moja, na pembe ya pili iliacha mwanya ambao alipitisha vidole vyake na kuhisi upepo wa shimoni. Alivirudisha vidole polepole, akavitazama. Kisha akaangalia trei, moja baada ya nyingine, maji yote yakiwa yamejikusanya upande mmoja na uozo wote ukiwa umejipanga mstari mmoja kuelekea kwake.

Bi Vitunguu alikuwa jikoni akiosha vyombo. Hakugeuka.

"Waite," Dereva alisema. "Lakini wasinishike makwapani. Na milango ifungwe yote."

Bi Vitunguu alipita mwenyewe mlango kwa mlango kuomba. Watu walifunga. Kinyozi alikuja na vijana watatu wenye nguvu, wakamfunga Dereva kwenye kiti chake kwa shuka, naye akaagiza uso wake uelekezwe ukutani.

"Mzee, umenenepa," kinyozi alisema wakimnyanyua. "Nikikunyoa naona kichwa tu, kumbe chini kuna mlima."

"Angalia miguu yako, usiangalie mlima."

Kona ya ghorofa ya tatu walicheka kidogo. Ya pili waliacha kucheka. Ngazi zilikuwa zinawavuta upande mmoja, wote wanne wakawa wanaegemea ukuta bila kupatana, na yule wa nyuma aliposhika chuma cha kushikilia, kikatoka ukutani pamoja na plasta yake, kikabaki mkononi mwake. Alikiweka chini taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto. Dereva, uso wake ukiwa karibu na ufa, aliuona sasa kwa mara ya kwanza, na ulipita mbele ya macho yake kwa urefu wake wote, mweusi, mpana wa kutosha kuingiza kiganja.

Kwenye chumba cha fundi viatu hapakuwa na trei hata moja. Hoteli ilitafuta mtu mwingine. Wodi ya wazazi walisubiri kidogo, nao wakachoka. Bi Vitunguu aliokoa amarilisi chache, akazipanga kwenye kizingiti.

Nyumba haikuanguka.

"Bado imesimama," Dereva alisema asubuhi ya kwanza, kiti chake kikiwa kimeelekea barabarani. Alisema hivyo na siku iliyofuata. Alisema mbele ya wageni, alisema mdomoni mna chakula. "Mke wangu amezamisha maua ya watu, amenishusha kama kabati, na nyumba ndiyo ile." Aliumia, na hakujua pa kuyapeleka maumivu yake ila kwa mkewe. Kilichomtisha Bi Vitunguu hakikuwa maneno yale. Kilichomtisha ni kwamba asubuhi akifungua mlango na kuliona jengo limesimama, kitu ndani yake kilisikitika. Alijishtukia, akakumbuka waliomo, akaona haya peke yake.

Vyumba vyao vilipata mpangaji upesi. Mwenye nyumba alizoa uozo, akapaka rangi, na dirishani zikaonekana nguo za mtoto mchanga zimeanikwa. Bi Vitunguu alipanda kumwambia yule mama. Mama yule alimsikiliza amesimama mlangoni, akamuuliza kama anataka kurudishiwa chumba, akafunga.

Ghorofa ya nne ikapigwa dari. Na Dereva, aliyekuwa na siku nzima ya kutazama, akaanza kupunguza maneno. Kutokea hapa aliliona jengo lote, jambo ambalo hakuwahi kuliona akiwa ndani yake. Aliona pembe yake ya juu dhidi ya nguzo ya umeme. Aliangalia pembe na nguzo, pembe na nguzo, chai ikapoa.

"Njoo hapa," alimwita mkewe. "Ile nguzo, ukikaa hapa nilipokaa, ilikuwa inaonekana yote?"

"Ilionekana."

"Sasa haionekani. Pembe imeiziba."

Akaiweka chai chini. "Nenda kamwambie kinyozi ahame."

"Nilishamwambia."

"Kamwambie tena. Mwambie mimi ndiye niliyesema."

Alijifunga kanga, akavuka barabara. Mbele ya duka la kinyozi mlango ulikuwa umeng'olewa na kulazwa juu ya viti viwili, na seremala anaupiga randa ukingo wa juu, maranda yakimdondokea miguuni. Ndani mteja alikuwa amekaa na povu kidevuni.

"Shangazi, karibu!" kinyozi alisema. "Usinitazame hivyo, nahangaika na mlango. Umevimba, haufungi. Mbao na mvua hazielewani."

"Mvua gani, mwanangu?"

Kinyozi alitazama barabara, vumbi lake, anga lake jeupe. Kisha akatabasamu. "Basi joto. Mbao ina maneno mengi."

"Toka. Njoo tuzungumzie kule ng'ambo."

"Nina mteja, shangazi."

"Njoo naye na povu lake. Mzee ndiye amenituma. Mzee mwenyewe."

Kinyozi alitikisa kichwa kwa upole, akarudi ndani na wembe wake. Juu ya dari yake kitu kilikunja kidole, mara moja. Seremala alisimamisha randa, akasikiliza, akaendelea.

Bi Vitunguu aligeuka. Ng'ambo ya barabara Dereva alikuwa ameinua mkono wake mzima juu ya kichwa, anampungia kwa nguvu, anamwita arudi, kinywa chake kikifunguka na kufumba bila sauti kufika. Mkewe alimwonyesha kiganja: subiri. Kisha akaingia dukani kumfuata kinyozi.